Mashine Iliyokubali

Mama alikuwa akikamua shuka, maji yakimchuruzika hadi viwikoni, binti yake mkubwa alipotoka chumbani mbio.

"Mama! Kompyuta imekubali!"

"Imekubali nini? Shika ncha hiyo, tukamue."

Binti akashika ncha, lakini akili yake ilibaki chumbani. Yeye na baba yake walitengeneza video za sherehe: baba akirekodi kwa kamera, yeye akikata na kuunganisha. Kompyuta yao ilikuwa kuukuu, ubavu wake umeshikizwa kwa mkanda wa gundi. Video za kamera mpya zilihitaji programu mpya, na programu mpya kila ikiwekwa ilijibu kwamba mashine ile ni ya zamani mno, haitaibeba. Fundi wa kompyuta alishawaambia waifanye kigoda.

"Umeitengenezaje?"

"Sikuitengeneza, nimeidanganya programu. Nimepata faili mtandaoni linaloiambia kwamba kompyuta yetu ni mpya. Likawa linauliza maswali kwa herufi nisizozijua, mimi nabonyeza ndiyo tu. Ndiyo, ndiyo, ndiyo."

"Ukiulizwa kama unauza nyumba, utabonyeza ndiyo vilevile."

Wakacheka. Uani, mtoto wa mwisho alikuwa akiwagombeza wanasesere wake kwa kutokula. Wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu kuamka mpaka usingizi umkate katikati ya neno.

Mama alijifuta mikono akaingia chumbani. Alichokiona kwanza ni kwamba hasikii kitu. Kompyuta ile ilizoea kukoroma kama mashine ya kusaga, ukiwa nayo lazima upaze sauti. Sasa ilikuwa kimya. Aliigusa, ilikuwa baridi. Alichungulia kwenye matundu ya nyuma, feni haikuzunguka.

"Mbona imenyamaza?"

"Imeridhika, Mama."

"Na hii harufu ya udongo mbichi?"

Binti akanusa, akakunja pua. Sakafu ya chumba ilikuwa ya saruji, na mvua haikuwa imenyesha.

Kwenye skrini, Chiriku alikuwa akicheza uani, ndoo kichwani. "Nimejaribia kwa video yake," alisema binti. "Nikiharibu, bora niharibu ya nyumbani kuliko harusi ya watu."

Chini ya picha kulikuwa na mistari miwili, mmoja wa picha, mwingine wa sauti. Wakiwa wanatazama, mstari wa sauti uligeuka mwekundu, ukafutika.

"Umefanya nini?"

"Sijagusa. Mikono yangu hii hapa."

Ndipo Mama alipogundua kwamba uani kumekuwa kimya.

Alimkuta Chiriku amekaa palepale penye wanasesere, macho yamemtoka. Midomo ilikuwa ikienda. Koo lilipanda na kushuka. Sauti haikutoka. Mama alimpiga mgongoni akidhani amekabwa na kitu, akamfungua kinywa, akachungulia; hapakuwa na kitu. Mtoto alilia, machozi yakimtiririka, kifua kikimruka, na kilio kile hakikuwa na mlio wowote.

"Irudishe!" Mama alipiga kelele akirudi na mtoto kiunoni. "Irudishe hiyo sauti!"

"Nabonyeza kurudisha, haikubali. Mama, sasa inakata picha."

Kweli. Mstari wa picha ulikuwa ukipungua kutoka mwisho, kipande baada ya kipande, bila mkono wa mtu. Mama alimtazama mtoto, akaona kivuli chake hakipo ukutani. Chake mwenyewe kilikuwepo, mkono umepinda, umebeba hewa.

Baba aliingia na begi la kamera begani. Alisikiliza nusu ya maneno, akang'oa waya wa umeme ukutani. Skrini haikuzimika. Alibaki ameushika ule waya kama mtu aliyeshika mkia bila mnyama, na kutoka ndani ya kasha, penye feni isiyozunguka, wakasikia kitu kikivuta pumzi ndefu.

Baba akainua kigoda aivunje.

"Usivunje, Baba!" Binti alimdaka mkono. "Kama Chiriku yumo humo je?"

Kigoda kikashuka polepole. Baba akampigia fundi simu.

"Mzee, msinitanie," fundi alicheka. "Ile mashine haina nguvu hata ya kufungua programu yenyewe."

"Nakwambia inafanya kazi. Na waya nimeuchomoa."

"Basi si mashine inayofanya kazi," alisema fundi, akakata simu.

Baba akatoka, akarudi na mganga wa mtaa wa nyuma, mzee mnene aliyekuwa akihema kwa mwendo. Mganga hakufukiza wala kusoma chochote. Aliweka sikio kwenye kasha, akasikiliza muda mrefu, na alipoliondoa lilikuwa limelowa.

"Ni jini," alisema kwa kunong'ona. "Nani alimkaribisha?"

"Sikumkaribisha mtu, babu," binti alijibu. "Programu ilitaka nguvu, nami nikasema tunazo."

"Hamkuwa nazo. Yeye akazileta." Mganga akafuta sikio. "Aliyevunja mlango naweza kumtoa. Huyu ameombwa, na kila alichokiuliza amejibiwa ndiyo. Nimtoe kwa neno gani?"

"Mtoto wangu, mzee," alisema Mama. "Sema tufanye nini."

"Mshike. Msimweke chini."

"Ikimaliza kukata?"

"Itahifadhi kazi yake."

"Halafu?"

Mganga alitazama pembeni. "Hamtaumia, mama. Hamtajua."

Akaondoka bila kuaga. Nyumba ikabaki na ile harufu ya udongo, ambayo sasa ilikuwa imefika jikoni na kwenye nguo, na Mama akazunguka na mtoto mkononi kutoka chumba hadi chumba kana kwamba kungekuwa na kona ambayo kile kitu hakikuijua, akimwambia usiogope mwanangu, nipo, nimekushika, huku mtoto akizidi kuwa mwepesi, kwanza kama amekonda, kisha kama nguo zilizoanuliwa, na kwenye skrini mstari wa picha ukaisha, ukatokea mwingine mwembamba wa kijani uliotambaa taratibu kuelekea kulia, na baba akapiga magoti mbele yake akiliita jina la mtoto, jina lake halisi, mara nyingi, mpaka sauti ikamkauka, na binti mkubwa akabonyeza hapana, hapana, hapana, kwenye kitufe ambacho hakikuwa kinauliza chochote, na Mama, kwa kuwa hakujua mkono uliobaki uufanye nini, akawasha jiko akakoroga mboga, shavu lake likiwa juu ya nywele laini ambazo hazikuwa na uzito tena.

Chumbani kengele ndogo ikalia.

Mama alisimama mbele ya jiko. Mkono wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi, umejikunja kifuani. Aliunyoosha, akausugua. Alikuwa analia, na hakujua kwa nini. Labda ni moshi.

"Jamani, chakula!"

Baba alitoka chumbani akijipangusa magoti. "Sauti imenikauka, sijui nimekula vumbi gani. Hii kompyuta kweli imekubali?"

"Imekubali, Baba," alijibu binti. "Imemaliza kuhifadhi ya majaribio. Sijui nilijaribia nini, ni ua mtupu tu. Lakini imetoka safi."

"Basi kesho tuanze harusi. Ukumbi mzima ule, watu walijaa mpaka nje."

Mama aliketi, akapakua. Kama kila jioni, kabla hajawaruhusu kula, alihesabu kwa macho. Mume wake yupo. Binti yao wa pekee yupo. Na yeye mwenyewe.

"Haya, kuleni," alisema. "Wote tupo."