Chui Aliyeachwa na Jeraha

Nilifika mtaa wa Satellite saa kumi na mbili kasoro robo jioni, jua likizama nyuma ya maghorofa. Nilikuwa na gunia la mchele, mafuta na sukari. Kaka yangu Manjit ndiye aliyenituma kumpelekea pole mjane wa Ndambuki. Yeye mwenyewe alikuwa na mgeni, alisema. Kaka yangu huwa na mgeni kila kunapokuwa na jambo gumu la kufanya.

Mjane huyo, Mama Mwongeli, alikuwa mlangoni akisugua sufuria. Hakunikaribisha ndani.

Mumewe alitusomea nyayo za wanyama tangu enzi za baba yetu. Huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, kwa hivyo tulikuwa tukivuka kwenda Tanzania kwa vibali, Ndambuki mbele, macho chini. Wiki tano zilizopita alienda nasi. Sisi tulirudi.

"Walinirudishia mguu na shati," alisema. "Nimezika mguu, Ravneet. Watu wa kanisa waliimba juu ya mguu."

Niliweka gunia chini, kando ya mlango.

"Manjit anaambia watu mzee alikuwa amelewa, akaingia kichakani kwa ukaidi wake. Ni kweli?"

Ukweli niliujua kwa sababu nilikuwepo. Manjit alimpiga chui begani, vibaya, giza likikaribia. Sheria ya wawindaji hata mtoto anaijua: mnyama uliyemjeruhi, unamfuata wewe mwenyewe mpaka ummalize. Lakini kesho yake asubuhi Manjit alikuwa na ndege ya kwenda Ujerumani, kwenye maonyesho ya bunduki. Akampa Ndambuki bunduki na risasi mbili, akamwambia amalize kazi, akapanda gari. Nami nikapanda.

"Aje aseme mbele ya watu alichofanya," Mama Mwongeli alinong'ona. "Leo. Mnyama wa namna hiyo habaki porini. Humtafuta mwenye risasi. Na aliyekufa akimfuata huja nyuma yake."

"Mama... kuna kitu umemtumia kaka yangu?"

Alirudi kusugua sufuria. Vidole vyake vilikuwa vyeusi mpaka kwenye viganja. Masizi ya sufuria, nilijiambia.

"Enda. Giza inaingia."

Nyumbani kwa Manjit, mtaa wa Muthangari, nilimkuta kwenye roshani ya juu na rafiki yake Kihara, mwenzake wa klabu ya shabaha. Meza ilijaa vijitabu vya maonyesho. Walikuwa na raha ya watoto waliopewa baiskeli.

"Singh, bolti ya hii bunduki unavuta tu straight, hupindui mkono," Kihara alimwambia Manjit. "Na uzito?"

"Kilo tatu na kidogo. Unabeba siku mzima na bega haichoki. Lakini ngoja uone hii."

Alikuwa amefunga darubini mpya juu ya bunduki ya baba. Darubini ya joto. Chochote chenye damu ya moto, alieleza, kinaonekana cheupe, hata gizani, hata nyuma ya majani.

"Ningekuwa nayo ile siku, yule mlevi hangekufa."

Nilimvuta kando.

"Veerji, kaka, twende Satellite sasa hivi. Useme ulimwacha."

"Ndiyo niitwe mwoga klabu mzima? Wewe Neetu wacha hiyo story. Alikuwa amelewa."

Akazima taa ili Kihara aijaribu darubini. Kihara akalenga bustani. Akaondoa jicho, akalirudisha.

"Singh... mko na mbwa mkubwa hivi?"

"Hatuna mbwa."

"Basi hii ni nini iko kwa ua? Inachechemea."

Nilitazama kwa macho yangu. Nyasi tupu.

Nikainamia darubini.

Mnyama mweupe alikuwa akitambaa, mguu wa mbele ukiburuzika. Begani palikuwa na tundu jeusi. Nyuma yake kulikuwa na mtu. Hakuwa mweupe. Alikuwa mweusi kuliko giza lililomzunguka, ameinama, anapapasa udongo kwa kiganja, akijivuta kwa mikono...

Alikuwa na mguu mmoja.

Ndipo harufu ikatufikia. Bisi. Bisi za moto, kama za kwenye sinema. Ndambuki ndiye aliyenifundisha, nikiwa na miaka tisa: mkojo wa chui unanuka bisi.

Manjit alininyang'anya bunduki. Akafyatua. Akafyatua tena. Mbwa wa mtaa mzima walibweka, kisha wakanyamaza kwa pamoja.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kitu kilikuwa kinapanda ukuta.

"Washa taa!" Kihara alipiga kelele. Hakuna aliyefika swichi. Manjit aliinuliwa hewani, akabamizwa mezani. Sikuona kitu juu yake. Kwa mwanga hafifu wa barabarani niliona tu kilemba kikimtoka, kisha ngozi ya kichwa ikifuata kilemba. Mkono wake wa kulia ulivunjika kwenye kiwiko, ukakunjika upande usiokunjika. Damu ilinirukia mdomoni. Kihara alishika kiti akaanza kuupiga upepo, akilia kama mtoto.

"Hakuwa amelewa!" nilipiga kelele. "Alimwacha! Na mimi nilimwacha! Tulimwacha Ndambuki!"

Kila kitu kikasimama.

Pumzi ya moto ilinijia usoni. Kisha vidole baridi vikagusa kifundo cha mguu wangu, vikazunguka kisigino polepole, vikipima. Hivyo ndivyo Ndambuki alivyokuwa akipima unyayo.

Vikaniachilia.

"Sema, Veerji! Sema!"

Manjit alifungua mdomo. Lakini walinzi walikuwa wameshaingia na tochi zao, na mwanga ulituonyesha sisi watatu tu roshani.

Hospitalini Parklands walimkata ule mkono na kumshona kichwa kwa saa nne. Polisi walichukua bunduki. Kihara hapokei simu zangu. Jirani mmoja wa Mama Mwongeli ananiambia mama huyo alisafiri kwa mganga wiki ya mazishi. Mwingine anaapa hakutoka nyumbani hata siku moja. Sijui nimwamini nani.

Jioni ya tatu, afisa wa polisi alikuja na daftari. Watu wa klabu walikuwepo pia, na maua yao.

"Ni nini ilikufanyia hivi, mzee?"

Manjit alinitazama. Nilimwomba kwa macho, nikamwomba kwa Kipunjabi, nikamshika mguu mbele ya wale wote.

"Mbwa wa jirani," alisema. "Na yule mtu wa Satellite alikuwa amelewa. Andika hiyo pia."

Wageni walipotoka dirisha lilikuwa limeanza kuwa jeusi. Manjit aliling'ang'ania vazi langu kwa mkono uliobaki.

"Neetu, usiniache. Kaa hapa leo."

Ninampenda kaka yangu. Nilivibandua vidole vyake, kimoja baada ya kingine, nikashuka ngazi mpaka kwenye gari. Alinipigia simu mara nne kabla sijatoka Parklands. Mara ya tano ilikuwa namba ya hospitali.

Niliizima simu.