Simu Iliyozima

Ubaridi wa jioni ulikuwa umeshaanza kuuma pale Bibi Walburga alipoacha ndoo ya kahawa na kuingia ndani kumvika mjukuu wake sweta. Nje alibaki mkwewe, Edina, akizungusha mashine ya kumenyea. Kahawa iliyochumwa leo humenywa leo, ikilala inaharibika. Ndiyo maana Edina alimpa mtoto simu ili atulie. Nani angemlaumu? Mikono ni miwili tu.

Ila mtoto alikaribia miaka minne na alikuwa hajatamka neno. Hata mama. Nesi wa kliniki alisema simu ipunguzwe, mtoto aongeleshwe, na bibi ndiye aliyejitwika kazi hiyo. Mtoto alirithi jina la marehemu mume wa bibi, Protasi, aliyeteremka ziwani kununua dagaa wa usipa, akazama, asipatikane mpaka leo. Basi bibi alimtania mjukuu kama mabibi wote wanavyotania: alimwita mume wangu, akaiita simu mke mwenza, akamuuliza kila jioni atamchukua yeye lini.

Mtoto hakuwahi hata kuinua macho.

Chumbani kulikuwa na giza. Bibi akasita mlangoni. Harufu ile...

Usipa mbichi.

Wiki nzima hawakuwa wamepika samaki.

Mtoto alikaa mkekani, kidole kikiteleza juu ya kioo. Kioo kilikuwa cheusi. Simu ilikwisha chaji tangu mchana, na umeme haukuwapo.

Lakini alikuwa anatabasamu.

Bibi alijikaza atanie kama kawaida, ingawa sauti ilimtoka kwa kunong'ona. "Mzee, bado uko na mke mwenzangu? Mimi utanichukua lini?"

Mtoto akaweka simu sikioni. Akasikiliza... Akatikisa kichwa kuitikia.

"Amesema kahawa ikiisha."

Nje, mashine ikamaliza kahawa ya mwisho, ikanyamaza. Edina, aliyeisikia sauti ile, aliingia mbio, maganda yamemganda mikononi, akamkumbatia mwanawe huku akilia na kucheka. Ameongea, alisema, ameongea. Alichokisema hakukijali. Kisha macho ya mtoto yakarudi kwenye kioo, midomo ikafumba, na Edina akamshika bibi mkono.

"Muulize tena, mama. Asije akanyamaza."

Bibi alitaka kumwambia kwamba simu imezima. Alipoutazama uso wa Edina, akaacha. Akamuuliza mjukuu, polepole, ni nani aliyesema.

 Mtoto alimnyooshea simu. Matone ya maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kioo, moja moja, yakilowesha mkeka.

Edina hakuyaona. Alikuwa akitazama midomo ya mwanawe tu.

Bibi Walburga akaipokea. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Akaiweka sikioni, akafumba macho.

"Nipo, mume wangu. Kahawa imekwisha," alisema.

Na mtoto akafungua kinywa, akaanza kuongea, akaongea, wala hakunyamaza tena.