Mpiga Besi wa Okinyi

Jumapili moja, katikati ya msongamano wa soko la Kibuye, Debra alishika mkono wa kushoto wa jaketi la ngozi, na mwanamume asiyemjua akashika wa kulia.

"Bwana, hili ni langu."

"Nakuachia. Lakini Jumamosi ulivae uje ufukoni Dunga, unione nikipiga gitaa."

Ndivyo alivyompata Okinyi. Miezi mitano ikapita kwa simu za asubuhi, samaki ngege wa kukaanga na vicheko.

Bendi ya Okinyi ilipiga bluzi iliyochanganywa na roki. Kipande walichokipenda mashabiki hakikuwa na maneno: dakika kumi na mbili za gitaa likijibiwa na besi ya mwanadada wa bendi, Prerna. Kila Jumamosi alasiri, Debra aliwatazama wakitazamana. Prerna, bangili zikimeta, aliinua nyusi. Okinyi akatabasamu, nyuzi zikalia.

Ijumaa moja Debra akampigia Okinyi simu. "Mimi hujawahi kuniangalia unavyomwangalia Prerna."

"Jaber, mrembo wangu, wimbo hauna maneno. Bila macho yake sijui tunabadilisha wapi."

"Basi kesho mpe mgongo. Kama unanipenda."

Okinyi akakubali. "Sawa."

Kesho yake alisimama akiangalia ziwa, Prerna nyuma yake. Dakika nne mambo yalikwenda vizuri. Kisha gitaa likapanda, besi ikabaki chini, mpiga ngoma asijue amfuate nani. Watu wakaanza kuchezea simu zao. Jasho lilimtiririka Okinyi, lakini hakugeuka. Alikuwa ameahidi.

Debra hakuweza kuvumilia. Akasimama juu ya kiti. "Okinyi! Mgeukie, bwana!"

Akageuka. Prerna akamwashiria kwa kichwa mara moja tu, na vyombo vyote vikaingia pamoja kwa kishindo. Ufuko mzima ukashangilia. Debra naye alipiga makofi, machozi yakimchoma. Walikuwa wakali pamoja, na hilo bado lilimuuma.

Walipomaliza, Okinyi alimfuata, shati limemganda mgongoni.

"Umepoa?"

"Bado nina wivu."

"Mwingi?"

"Wa kujaza nyumba."

"Na mimi nilitaka kukuoa."

Debra akamkazia macho. "Pamoja na wivu wangu?"

"Uje nao. Nimepata nyumba Nyamasaria, ina vyumba viwili."

Alijaribu kununa, akashindwa. "Basi tunakuja," alisema, akimshika mkono. "Mimi na wivu wangu, wote wawili."