Pulchérie na Mihogo ya Rosette

Ndugu zangu wa mji wa Baraka, nawaletea jambo la mtaani kwetu, na mimi mwenyewe simo pembeni.

Asubuhi zetu kijitoni ni tamu. Tunaloweka mihogo, kila mama na kishimo chake, huku tukitaniana hadi tunasahau mgongo unaouma. Pulchérie alikuwa amerudi kati yetu baada ya kutundikiwa dawa ya kansa ya titi mara nne huko Bukavu. Zilibaki mara mbili, nasi tulifurahi kumwona.

Siku moja Rosette alikuta kishimo chake kitupu. Mihogo yake ilikuwa imeanikwa uani kwa Pulchérie, tena ilikuwa imekaa majini siku moja tu badala ya tatu, bado migumu na michungu! Nani huiba mihogo ya namna hiyo? Hilo hatukujiuliza. Tulisema ni mwizi, wengine wakasema karogwa. Mimi nilicheka kuliko wote, na leo naona haya.

"Mi sikuiba!" Pulchérie alilia. "Nilifikiri ni yangu. Hata majina ya batoto yananikimbia. Ile dawa inaniharibu kichwa. Mi sirudi tena Bukavu!"

Mumewe, Casimir, aliingiwa na hofu, maana kuacha dawa katikati kungeweza kumwua. Papo hapo akampigia simu muuguzi wa Bukavu, akafungua sauti ili sote tusikie.

"Mama, hauna wazimu," muuguzi alisema. "Iko bagonjwa wengi banasahau hivyo, sababu ya dawa na uchovu. Kwa wengi inapunguka pole pole. Umwambie daktari, uandike mambo yako, na batu bakusaidie. Lakini dawa usiache!"

Rosette, aliyekuja kugomba, akaketi karibu naye. "Unisamehe, mama. Bukavu tutaenda sisi wawili. We kazi yako ni kupona. Kukumbuka, mi nitakumbuka."

Wakaenda mara zote mbili. Pulchérie amemaliza dawa na anataniana nasi tena. Bado husahau mara mojamoja, na daftari lake haliachi. Akisitasita kijitoni, aliye karibu humwonyesha kishimo chake, na kazi inaendelea.

Funzo

Mgonjwa wa kansa akianza kusahau, msimwite mwizi wala msimtafutie mchawi. Mpelekeni aseme kwa daktari, kisha mkumbusheni kwa upole. Pulchérie nusura aache dawa kwa sababu ya vicheko vyetu, na cha kwanza kilikuwa changu.