Behewa la Nusu Rangi

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ile ni kwamba mke wake alipaka behewa rangi ya kijani upande mmoja, akaosha brashi, akaisimamisha kwenye gilasi, akasema upande wa pili ataumalizia kesho.

Ilikuwa alasiri. Yeye mume alikuwa chali chini ya meza, solda mkononi, waya zikimning'inia usoni. Juu yake, kwenye ubao uliokula nusu ya chumba cha nyuma, kulikuwa na mji mzima: stesheni yenye paa la karatasi ngumu, maduka, vilima vya plasta, handaki refu, na reli iliyovizunguka vyote hivyo ikarudi pale ilipoanzia. Umeme ulikuwa kazi yake, maana ndio aliousomea chuo kikuu na ndio uliomlisha. Rangi, miti na watu wadogo kama ukucha vilikuwa vya mkewe. Na kwa kuwa aliye chini ya meza hasikii vizuri, na aliye juu haoni kinachofanyika chini, walikuwa na lugha yao ya kugonga ubao. Mara moja: washa. Mara mbili: zima, usiguse. Mara tatu: toka huko uje uone.

Mkewe aligonga mara tatu.

"Bwana Stesheni," alimwambia alipochomoza na vumbi kichwani, "abiria wako wanaota mvi wakisubiri treni."

"Waambie fundi rangi ndiye anayewachelewesha."

"Hebu angalia behewa langu. Kwa macho, baba, si kwa kidole."

Lakini yeye alikuwa mtu wa vipimo; hakuamini rangi mpaka aiguse. Akaigusa. Ikabaki alama ya kidole gumba. Mkewe akamchapa kofi dogo la mkono, akacheka, akaisawazisha alama ile kwa ncha ya brashi. "Siku utakayosubiri ikauke," alisema, "nitafanya sherehe."

Kesho yake mchana alikufa kwenye benchi la mapokezi ya hospitali, ameshika kifua, akisubiri kuitwa. Walimwita baadaye. Mumewe ndiye aliyeitika, kwa sauti iliyowafanya watu wa benchi lile wainuke na kusogea mbali.

Hasira ile haikwenda kaburini. Msibani aliwachukia waliomwambia ajikaze. Aliwachukia zaidi waliomwambia mwenzake sasa anapumzika, maana mwenzake hakuwa amechoka. Alikuwa na behewa la kumalizia. Aliomba jambo moja tu: pete ibaki kidoleni. Ilikuwa pete ya marehemu mama yake, nyembamba, imelika upande mmoja, na ndiyo aliyomvisha mkewe siku ya ndoa. Dada yake mkubwa, aliyeingia chumba cha maiti kumvisha marehemu nguo za mwisho, alitoka akamshika bega.

"Nimeiacha palepale, mdogo wangu. Anakwenda nayo."

Alipotaka kuhakikisha kwa macho yake, jeneza lilikuwa limeshapigwa misumari.

Baada ya mazishi dada hakuondoka. Alisema amebaki kumwangalia ndugu yake. Akahamisha sufuria, akabadilisha mapazia, akagawa nguo za marehemu bila kuuliza, hata sweta lililokuwa nyuma ya mlango na ambalo bado lilikuwa na harufu yake. Kisha macho yake yakatua kwenye chumba cha nyuma.

"Hii midoli itatoka lini? Chumba kizuri hivi kinalala treni, mimi mtu nalala sebuleni?"

"Haitoki."

"Mtu mzima, digrii ukutani, anacheza treni. Watu watasema umerukwa na akili."

"Waseme."

"Haya, Bwana Stesheni," dada alisema, akivuta maneno.

Alimgeukia kwa namna iliyomfanya dada arudi nyuma hatua moja. Jina lile lilikuwa na mwenyewe. Dada akajidai anatengeneza kitambaa alichojifunga kidole cha pete, mkono wa kushoto. Aliungua na mafuta, alisema. Ilikuwa tangu wiki ya mazishi, lakini kitambaa hakikupungua. Kila siku kilionekana kinene kuliko jana.

Aliirudia kazi kwa sababu ya hasira, si kwa faraja. Aliona kwamba asipoimaliza, dada ataivunja na kuitupa nje siku atakapokuwa kazini. Treni ile ikitembea, mkewe atakuwa amemaliza kitu kimoja duniani. Kwa hiyo alasiri moja alizima swichi ya ukutani, akalala chini ya meza, akaumenya waya mkubwa wa transfoma mpaka shaba ikaonekana. Akanyoosha vidole kuushika.

Ubao ukagongwa. Mara mbili.

Mkono ulisimama wenyewe. Miaka yote ile ilikuwa imeufundisha. Akachukua bisibisi yake ya kupimia umeme, akagusa shaba.

Taa ndogo ya bisibisi ikawaka.

Alitoka chini ya meza kwa magoti. Dada alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, waya wa chaja umechomekwa karibu na swichi.

"Umewasha?"

"Simu imeisha chaji. Kwani vipi?"

"Ungeniua."

"Makubwa! Si ungesema kama uko huko chini?"

"Na ukagonga meza ya nini, kama hukujua?"

"Nigonge nini? Ndiyo kwanza naingia."

Alipima kwa macho. Kutoka mlangoni mpaka mezani mkono wa mtu usingefika. Dada alipoondoka akiguna, yeye alitazama gilasi ya brashi. Maji yake yalikuwa yamekauka siku nyingi. Ncha ya brashi ilikuwa imelowa.

Mwingine angekimbia. Yeye alipandwa na hasira mpaka meno yakagusana.

"Sasa ndiyo umekuja?" alinong'ona kuelekea vilima vya plasta. "Kwa waya? Siku ile kwenye benchi mbona hukugonga? Ungegonga mara moja tu ningekubeba mgongoni, ningevunja mlango wa daktari. Ukakaa kimya. Ukasubiri zamu kama mtu mwenye adabu."

Abiria wote kwenye stesheni walikuwa wametazama handaki. Hakukumbuka kama ndivyo mkewe alivyowabandika.

Kesho yake, alasiri ya mvua, alifanya jaribio. Alifuta reli kwa spiriti, akapima kila kipande, akakipata sawa. Akaweka kichwa cha treni, nyuma yake behewa la wazi la nusu rangi, kisha akazungusha kitufe cha mwendo taratibu. Treni ikatikisika. Ikaondoka. Ikapita stesheni, ikapita maduka, ikazunguka kilima, na kwa mara ya kwanza tangu msiba alijikuta anatabasamu. Ikaingia handakini, ikatoka. Ikazunguka tena.

"Bado uko huku?" Dada alikuwa mlangoni.

Treni ilikuwa handakini. Ikasimama. Taa nyekundu ya kisanduku cha kuongozea ikawaka: shoti. Maana yake kitu cha chuma kimelala juu ya reli zote mbili.

Alizima, akamulika ndani ya handaki kwa tochi. Hakukuwa na kitu ila treni. Dada akarudi jikoni. Yeye akawasha. Treni ikatoka bila shida, ikazunguka, ikazunguka tena. Dada akaja kuuliza chumvi iko wapi. Taa nyekundu. Akaenda. Treni ikatembea. Akarudi kusema chumvi ameiona. Taa nyekundu.

Yeye alikuwa amesomea mambo haya. Kosa likitokea mara moja, ni bahati mbaya. Likifuata mtu mmoja kila anapoingia, hilo si bahati. Lina chanzo, na chanzo hutafutwa.

"Dada, hebu toka kidogo."

"Nini tena?"

"Toka tu."

Akatoka. Treni ikatembea.

"Ingia."

Taa nyekundu.

"Toka. Ingia."

Nyekundu.

Hakupandisha sauti. Sauti ilishuka. "Fungua hicho kitambaa."

"Nimekwambia ni mafuta."

"Fungua."

"Unanitisha."

"Fungua kabla sijakifungua mimi."

Dada alianza kulia kabla ya kugusa fundo. Maneno yakatoka yakikanyagana. Pete ilikuwa ya mama. Mtoto wa kwanza ni yeye. Aliosha miguu ya mama miaka yote ya ugonjwa, halafu pete ikaenda kwa mgeni kwa sababu tu kijana wa chuo kikuu amependa. Pale chumba cha maiti aliivaa kidogo tu, aone inavyomkaa. Ikagoma kutoka. Sabuni, mafuta, uzi, ikagoma.

"Ulinishika bega," alisema mdogo wake. "Kwa mkono upi?"

Dada alikuwa anakunjua kitambaa, na kitambaa kilikuwa kirefu. Kikafika mwisho.

Pete haikuwepo.

"Ilikuwepo," dada alinong'ona. "Asubuhi nimefunga ikiwepo. Haki ya Mungu ilikuwepo."

Pale pete ilipokaa, kidole kilizungukwa na mistari miwili myembamba, myeusi, imechomwa ndani ya nyama. Katikati ya mistari kulikuwa na vijialama vya kukatisha, vimepangwa kwa nafasi sawa, kimoja baada ya kingine. Aliinama. Alivijua. Alikuwa amevibandika mezani kwa mkono wake mamia na mamia. Yalikuwa mataruma, vile vipande vya mbao vinavyolaliwa na reli.

Reli ile haikuishia kidoleni. Ilikuwa imeshuka, ikakata kona kwenye kifundo cha kidole, ikaanza kupita kiganjani.

Aliruka akachomoa transfoma ukutani. Akabaki na plagi mkononi. Taa nyekundu ikafa. Chumba kikanyamaza. Nje mvua tu.

Ubao ukagongwa.

Mara moja.

Ndani ya handaki magurudumu yakaanza kuzunguka. Plagi ilikuwa bado mkononi mwake. Aliikaza mpaka meno yake ya chuma yakamuuma. Treni ikatoka polepole, ikapita mbele ya abiria, ikasimama stesheni sawasawa, kama mkewe alivyopenda isimame. Ndani ya behewa la nusu rangi mlikuwa na udongo mwekundu. Mbichi. Juu ya udongo, pete.

Dada alipiga ukelele mmoja, akatoka na viatu vya ndani, akaenda kwenye mvua bila mkoba. Mlango wa mbele ulibaki wazi. Hakumfuata. Hakumwita. Aliipangusa pete kwa shati, akaikumbatia kiganjani, akakaa nayo sakafuni mpaka giza likaingia. Ndicho kitu pekee cha mkewe ambacho dada hakukigawa.

Asubuhi simu ikaita.

"Imefika kwenye kiwiko," sauti ya dada ilisema, nyembamba kama ya mtoto. "Nahisi ikitembea. Inanguruma, mdogo wangu. Naisikia mfupani. Irudishe pete. Nakuomba kwa jina la mama."

Alitazama kiganja chake. Angeweza kutoirudisha. Angeweza kuivaa kwenye kidole chake kidogo, akaenda kazini, akaacha simu iite mpaka reli ile ifike inakokwenda. Alikaa na wazo hilo muda mrefu, na ukweli ni kwamba halikumwogopesha. Lilimpa joto. Kilichomwogopesha ni kubaki mikono mitupu.

Kisha akakumbuka aliloliomba mwanzo. Hakuomba pete ibaki kwake. Aliomba ibaki kidoleni kwa mwenyewe.

"Narudisha," alisema. "Lakini si kwa ajili yako. Usije ukanishukuru."

Akakata simu.

Alikwenda chumba cha nyuma, akamimina udongo kwenye gilasi ya brashi, akaweka pete ndani ya behewa. Plagi ilikuwa sakafuni, pale alipoiachia jana. Aliiacha hapohapo. Akagonga ubao kwa kifundo cha kidole, mara moja.

Treni ikaondoka. Ikapita maduka, ikazunguka kilima, ikaingia handakini. Handaki lile halikuwa refu kuliko mkono wake. Alisimama. Treni haikutoka. Mlio wa magurudumu ukaenda mbali, ukazidi kwenda mbali, ukawa mdogo kama kitu kinachosikika kutoka mji mwingine. Simu ikaita tena sebuleni. Hakuipokea.

Mlio ukaanza kurudi.

Treni ilipotoka upande wa pili, behewa lilikuwa tupu. Likasimama stesheni, na upande ambao haukuwahi kupakwa rangi ulikuwa umemgeukia. Ulikuwa wa kijani. Uling'aa. Brashi ilikuwa imepita vizuri mpaka kwenye kona, kwa mkono wa mtu asiye na haraka.

Aliinama mpaka pua ikakaribia. Harufu ya rangi ilikuwa mpya. Akanyoosha kidole gumba.

Ubao ukagongwa. Mara mbili.

Akaurudisha mkono. Akavuta kiti, akaketi mbele ya stesheni, viganja amevibana kwapani, hasira yake yote ikiwa bado kifuani, akasubiri rangi ikauke.