Reli Iliyosogea Ukutani

Haya yalimpata rafiki yangu Darlene, mtu ambaye haamini hata utabiri wa hali ya hewa. Alinunua ramani ya zamani ya jimbo letu la Nebraska, ikiwa ndani ya fremu yenye kioo, aitundike sebuleni. Upande wa magharibi ulikuwa mtupu, na reli iliishia katikati, maana siku hizo walowezi walikuwa hawajafika huku kwetu.

Usiku mmoja tufani ikakata umeme. Nyumba ikawa giza totoro, na Darlene akasikia kalamu ikikwaruza karatasi ukutani. Umeme uliporudi, reli ilikuwa imesogea magharibi.

Akamgeukia mumewe. "Wendell, umeichezea ramani yangu?"

"Mimi? Picha ya harusi yetu yenyewe imenishinda kuitundika!"

Hakumwamini. Akaipeleka kwa aliyemuuzia. "Mzee Orrin, umeniuzia feki, siyo?"

Mzee akaigeuza fremu. Karatasi ya nyuma ilibandikwa kwa gundi ya kale, haijachanika popote. "Humu hajaingia mtu, mama," akasema.

Akaigeuza tena. Kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi, kwa ndani. Palikuwa pamefutwa kwa kidole mahali pamoja tu, pale ulipo mji wetu.