Mwepesi Mgongoni

Msimu wa korosho ulipopamba moto, pale njia panda ya Nangurukuru hapakuwa na pa kuweka mguu. Malori yalinguruma, wauza mihogo waligombea madirisha ya basi la Lindi, na katikati ya vumbi lile kijana mrefu mwenye nywele za afro na suruali ya bugaluu alikuwa akimbembeleza utingo asiyetaka kubembelezwa.

"Sanduku dogo hivi, zito hivi? Umebeba nini humu, ndugu?"

"Mawe ya mizani. Mali ya serikali."

Mwanaheri alikuwa ameketi juu ya katoni za dawa alizotoka kuzichukua hospitali, kanga ya zambarau juu ya gauni lake jeupe la kazi. Hakuna aliyemuuliza, lakini mdomo ulimwasha.

"Mpakie tu, kaka. Uzito wake wote uko kwenye suruali."

Watu wakacheka. Kijana akageuka kutafuta nani kasema, akamwona, akasahau alichotaka kujibu.

Aliitwa Yunusu, mzaliwa wa Lindi mjini, fundi wa maabara ya taifa ya vipimo kule Dar es Salaam. Alikuwa ametumwa Kilwa kukagua mizani za kununulia korosho, mkulima asije akapunjwa jasho lake. Walipanda lori moja. Njiani akamfunulia sanduku, mawe ya shaba yamelala ndani ya kitambaa kama mayai kwenye kiota.

"Usiyaguse. Hata jasho la kidole linaongeza uzito."

"Hata kidole changu?"

"Chako ndicho ninachokiogopa zaidi."

Mwanaheri akatazama nje ili asionekane anavyotabasamu. "Na nani kasema hii ndiyo kilo?"

"Imepimwa na ile ya maabara, Dar."

"Na ya Dar?"

"Imepimwa na ya Ulaya."

"Mh. Kumbe ukweli nao unasafiri mbali."

Mwanaheri alikuwa muuguzi msaidizi wa zahanati ya Mikoroshini, kijiji kipya cha ujamaa upande wa Miteja. Nyumba yake ilipakana na ya dada yake Samia, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Kijiji kilikuwa na simu moja tu, kwenye ghala la korosho, na tangu siku ile simu hiyo ikawa na kazi mpya. Kila Ijumaa baada ya swala Yunusu alipiga kutoka Kilwa Masoko, na wapakiaji wote walinyamaza ili wasikie.

"Umekula?"

"Nimekula ugali na kisamvu. Na wewe?"

"Mimi nala mawazo, laazizi."

"Basi utakonda, bugaluu ikuvuke mbele za watu."

Wakaafikiana posa ipelekwe masika yakiisha. Samia alifurahi kuliko hata bibi harusi mwenyewe. "Mwanamume anayepima vitu vya watu kwa haki," alisema, "hatakupunja wewe."

Samia alikuwa na mtoto mmoja, Abilahi, aliyepatikana baada ya mimba nyingi kuharibika. Siku moja ya kliniki alimfungua mgongoni na kumkabidhi mdogo wake kwa wasiwasi.

"Mwanaheri, mtoto huyu mwepesi mgongoni. Nikimbeba simsikii."

Mwanaheri akamtundika kwenye mizani ya springi. Mshale ukapita pale uliposimama mwezi uliotangulia.

"Ameongezeka, dada. Mizani haisemi uongo. Wewe umechoka na shamba tu."

Mwezi uliofuata Samia akasema vilevile, naye akajibiwa vilevile. Mvua za kwanza zikaja na surua. Watoto wengi wa Mikoroshini waliugua wakapona. Abilahi hakuwa na nguvu ya kupigana nayo. Alifariki akiwa amepakatwa na mama yake, wakingoja lori la kumpeleka hospitali.

Yunusu alikuja msibani, akakaa na wanaume, akasoma dua, akala matanga. Kesho yake asubuhi alipita zahanati kumuaga Mwanaheri, asimkute. Mkono wa fundi haukai bure: akatoa jiwe sandukuni, akalitundika kwenye mizani ya watoto. Akalitundika tena. Kisha akaishusha mizani, akamwambia mwenyekiti wa kijiji kuwa anaipeleka matengenezo, akaondoka bila kuagana na mtu.

Mwanaheri alikuta msumari mtupu ukutani. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona kwamba muuguzi kaharibu mizani na mchumba wake mwenyewe kamshitaki. Ijumaa alimngoja kwenye simu amevimba kwa hasira.

"Umenichukulia mizani kama mwizi, Yunusu. Nimekukosea nini?"

"Hujakosea kitu, mpenzi."

"Basi ina nini?"

Opereta akauliza kama bado wanaongea. "Ni mbovu kidogo," Yunusu alisema hatimaye. "Nitakuletea nyingine."

"Unanificha. Mtu anayenificha hawezi kunioa." Akakata simu.

Zikapita wiki za kununiana. Yunusu alikonda kweli. Siku aliyokuja alivaa kaunda suti iliyokunjamana, mizani mpya kwapani, akamkuta Mwanaheri peke yake akifagia zahanati.

"Sikukushitaki," alisema. "Nilitaka uendelee kupata usingizi."

"Sema."

"Springi ilikuwa inalegea, mwezi hata mwezi. Ikiwa tupu mshale unakaa sifuri, usingeweza kujua. Ukitundika mtoto inamwongezea uzito asio nao."

Mwanaheri aliegemea ufagio. Aliuona tena mguu mwembamba wa Abilahi ukining'inia, na mshale ukipanda.

"Kwa hiyo alikuwa anapungua."

"Alikuwa anapungua."

Yunusu akafungua mikono, naye akaingia humo akalia, kwani hakuwa na pengine pa kulilia. Kwa siku ile walikuwa wamepatana.

Maabara ikaagiza mizani zote za kliniki wilayani zikaguliwe. Mbovu nyingine zikapatikana. Mikoroshini penyewe, mizani mpya iliwafichua watoto waliokuwa wakinyauka huku kila mtu akiwaona wazima. Wakapelekwa hospitali, wakarudi wamenenepa. Wanawake walimwombea dua mtu wa vipimo. Mwanaheri aliitikia amina pamoja nao, na kila mtoto aliyerudi alimkata maini upya.

Hakuweza kunyamaza. Alimwendea Samia jikoni, akamweleza yote. Samia hakuacha kupepeta mchele.

"Nilikwambia," alisema. "Mgongo wangu ulijua. Nikakwambia mara mbili. Ukaniambia mizani haisemi uongo."

"Dada, nisamehe."

"Mimi nilikulea, Mwanaheri. Nikaamini chuma chako kuliko mgongo wangu kwa sababu wewe ndiye uliyesema." Akaweka ungo chini. "Toka."

Yunusu aliporejea Dar alipiga simu. Sauti ilifika kwa mbali, ikikatikakatika.

"Wazee wangu wako tayari, laazizi. Sema siku tu walete posa."

"Wamletee nani? Wa kupokea posa yangu ni Samia, naye haniiti hata jina."

"Atapoa. Huzuni hupoa."

"Yunusu, ulifanya vyema. Watoto wa watu wamepona. Lakini nikikusikia tu, namwona yeye. Nitakupikiaje, nitalalaje kando yako?"

"Ungependa kama nisingepima?"

Alifikiri sana, kwa sababu alimpenda na hakutaka kumdanganya. "Kuna usiku napenda hivyo. Halafu nawakumbuka wale waliopona, naona haya."

"Basi nitangoja."

"Usingoje, mpenzi wangu. Oa."

Simu ikakatika yenyewe, au labda yeye ndiye aliyeishusha. Karani wa ghala hakuona vizuri. Mwaka wa pili Yunusu alioa Lindi. Mwanaheri alisikia kwa wapita njia, akaenda kazini kama kawaida.

Kila Ijumaa hupika, akafunika sahani kwa kawa, akavuka ua hadi mlango wa dada yake. Ndani husikika mtu akitembea, akikohoa, akisogeza sufuria.

"Hodi, dada."

Kisha sauti ya Samia, bila hasira, kama anayemjibu mgeni aliyepotea njia:

"Hakuna mtu hapa."

Mwanaheri huiweka sahani kizingitini na kurudi kwake. Asubuhi huikuta palepale, chakula kimechacha.